Baba mmoja, jati mbili: ugomvi wa ndugu kwenye kijiji cha Kitamil

Wale wanaoangalia muvi za India Kusini zilizotafsiriwa watakuwa wamekutana na hii sehemu mara nyingi tu. Mzee kafariki kijijini, watu wamejaa uani, alafu anatokea kijana kutoka upande wa pili wa kijiji, analia kuliko wote, anataka kumuaga baba yake, na kaka yake wa baba mmoja anamsukuma kifuani mpaka anaanguka. Mtafsiri anakwambia "we si kabila letu, toka hapa". Na hapo ndo watu wote kwenye kibanda cha video wanauliza swali moja: sasa si ni baba yake pia? Inakuwaje watoto wa mzee mmoja wawe makabila mawili?

Swali ni zuri sana na jibu lake ni refu, maana hilo neno kabila ndo linalotupoteza. Hao ndugu wawili wote ni Watamil, lugha moja, dini moja, wameoga mto mmoja. Kwa hiyo kabila hapana. Wengine wanatafsiri tabaka, nayo inapotosha kwa sababu tabaka kwetu ni mambo ya tajiri na maskini, wakati mdogo mtu anaweza kuwa injinia ana gari huko mji wa Chennai na kaka yake analima ekari mbili za mpunga na bado kaka asikubali kula kwake. Neno lililo karibu ni ukoo ila nalo limegeuka juu chini, kwa sababu ukoo we unaoa nje ya ukoo wako, na wenzetu kitu wanachokiita jati (Watamil wenyewe wanatamka saadhi) lazima uoe ndani yake. Yaani chukulia uzio mkubwa wa kijiji kizima cha watu, huo ni jati, hutoki nje yake kutafuta mke, alafu ndani ya huo uzio kuna koo ndogo ndogo na hapo sasa unatakiwa uoe nje ya ukoo wako. Ukishika hilo, nusu ya hizo muvi umezielewa.

Sasa kwa nini baba mmoja azae jati mbili. Kwa sababu jati haipiti kwa baba peke yake hata kama mtoto anabeba jina la baba. Ili uwe mtu kamili wa ndani inatakiwa baba awe wa ndani NA mama awe wa ndani. Mama akiwa wa nje, na hasa akiwa wa jati inayohesabiwa ya chini, mtoto anabaki mlangoni. Damu ya baba anayo, lakini hana nyumba ya kuingia.

Tuchukue familia ya mfano tu, mzee mmoja wilaya ya Madurai huko kusini mwa jimbo la Tamil Nadu. Mzee ni Thevar, hilo ni jina la jumla la jati tatu zilizo karibu, Kallar, Maravar na Agamudaiyar, wana mashamba, wana sauti kijijini. Kaoa mke wa kwanza, wa jati yake, kapata mtoto wa kiume. Baadaye kampenda mwanamke aliyekuwa anakuja kupalilia shambani kwake, mwanamke wa Paraiyar au Pallar, yaani Dalit, wale waliokuwa wanaitwa wasioguswa. Wakaenda kwenye hekalu dogo la mbali akamfunga thali shingoni, ule uzi wa ndoa. Kawaida uzi ule unafungwa mafundo matatu, bwana harusi anafunga la kwanza na dada yake ndo anamalizia mengine, lakini siku hiyo dada hakuwepo, na kutokuwepo kwake kila mtu kijijini atakumbuka miaka 30 mbele. Huyu mke wa pili Watamil wanamwita chinna veedu. Unajua maana yake? Nyumba ndogo! Neno kwa neno. Mi nilipojua hilo nilishtuka, bahari yote ile katikati na tumefikia jina lile lile.

Na siyo hilo tu. Kaka yake baba kwao anaitwa periyappa, baba mkubwa, mdogo wake baba anaitwa chithappa, baba mdogo, dada yake mama ni periyamma au chinnamma, mama mkubwa na mama mdogo. Kaka ni anna, mdogo wa kiume ni thambi. Kwa hiyo yule mtoto wa nyumba kubwa kwa sheria ya lugha yake mwenyewe anatakiwa amwite mke wa pili wa baba yake mama mdogo, na amwite yule mtoto thambi. Ukiwa unaangalia sikiliza vizuri hapo, maana mara nyingi utakuta anamwita yule mama kwa jina lake tupu, kama anavyomwita kibarua. Kwa Watamil kumwita mtu mzima kwa jina tupu ni tusi tosha, hahitaji kuongeza lingine.

Kijiji chenyewe kimejengwa kwa huo mgawanyo, ndo maana nasema kijana "katokea upande wa pili". Kuna ur, kijiji chenyewe chenye hekalu kubwa na nyumba za wenye ardhi, alafu pembeni, pengine ng'ambo ya shamba au barabara, kuna cheri, siku hizi wanaita kaloni, wanapokaa Dalit. Maji mbali mbali, makaburi na sehemu ya kuchomea maiti mbali mbali, na kuna vijiji mpaka miaka ya karibuni kwenye kibanda cha chai walikuwa wanaweka vikombe vya aina mbili, cha mtu wa ur na cha mtu wa cheri. Kijiji cha Uthapuram huko huko Madurai walijenga ukuta kabisa kati ya pande mbili, ukasimama karibu miaka 20, serikali ikaja kuubomoa sehemu yake Mei 2008. Ukuta wa matofali, siyo wa maneno. Kisheria haya yote yamekufa zamani, katiba ya India ya 1950 kifungu cha 17 kimefuta kabisa kumtenga mtu kama asiyeguswa, lakini kuanzia kwenye kifungu mpaka kwenye kikombe cha chai kuna safari ndefu.

Kitu kingine watu wanakosea, wanadhani ubaguzi huu ni Brahmin, yaani mtu wa jati ya makuhani, anambagua maskini. Vijijini Tamil Nadu Brahmin ni wachache mno, wengi walishahamia mjini zamani. Ugomvi mkali ni kati ya jati za kati zenye ardhi, Thevar kusini, Vanniyar kaskazini, Gounder magharibi, dhidi ya Dalit wanaowafanyia kazi mashambani. Na hawa wa kati wenyewe wameumia. Wakallar wa Madurai, Waingereza waliwaandikisha kama jamii ya wahalifu, mwanaume mzima anatakiwa akaripoti polisi alama za vidole, na mwaka 1920 kwenye kijiji cha Perungamanallur walipogoma polisi wakawapiga risasi wakaua watu zaidi ya 10. Huyo kaka anayemsukuma mdogo wake msibani babu yake aliitwa mhalifu kwa kuzaliwa tu. Inauma ukifikiria, mtu aliyepewa doa la kuzaliwa nalo anageuka anampaka mwenzie doa la kuzaliwa nalo.

Sasa nije kwenye mjomba, maana hapa ndo pana siri yote na ndo watafsiri wanapapita haraka.

Kwa Watamil mjomba, thaai maaman, ndo mlango wa mtoto kuingia duniani. Mtoto akinyolewa na kutobolewa masikio, sherehe inayofanyika mbele ya mungu wa ukoo, anakaa kwenye mapaja ya mjomba. Binti akivunja ungo mjomba analeta zawadi, kwenye harusi mjomba, kwenye msiba mjomba. Analeta masinia barabarani na ngoma watu waone, zinahesabiwa na kuandikwa kwenye daftari. Heshima ya mtu inapimwa kwa kuangalia wajomba zake wamekuja na nini.

Haya, wajomba wa mtoto wa nyumba kubwa wanakuja na masinia mpaka ukumbini. Wa mtoto wa nyumba ndogo ni watu wa cheri. Wakija na masinia yao kupita mtaa wa wenye ardhi na ngoma zao, hiyo ni vita. Kwa hiyo mtoto anatobolewa masikio kimya kimya huko kwa mama yake, na kuanzia siku hiyo kijiji kimeshajua ni wa upande gani, kabla hata hajajua kutembea. Baba anaweza kumpenda kuliko kitu chochote, kumlipia ada, kumnunulia baiskeli, lakini baba hawezi kumtengenezea mjomba.

Alafu kuna suala la binamu. Sisi tunasema binamu nyama ya hamu, kule kwao ni zaidi ya msemo, ni haki. Binti wa mjomba au wa shangazi ndo mchumba halali wa kwanza, anaitwa murai penn, na akiozeshwa kwingine bila wewe kuulizwa unaweza kununa miaka. Ukifuata hesabu ya undugu, binti wa shangazi, yule dada yake mzee, ni mchumba halali wa watoto wote wawili wa mzee, sawa kwa sawa. Kaka akimtania yule binti mbele za watu, wazee wanacheka. Mdogo akimtania hivyo hivyo maneno yale yale, kijiji kinanyamaza. Undugu unasema ni haki yake, jati inasema ni kifo, na yule binti yupo katikati anawaita wote wawili kwa neno moja. Muvi nyingi za vijijini zinaanzia kuharibika hapo hapo, na watazamaji wa huku wanadhani ni wivu wa mapenzi.

Nimesema kifo na sijatia chumvi. Kuna tofauti kubwa sana kati ya mwanaume wa juu kuwa na mwanamke wa chini na mwanamke wa juu kuwa na mwanaume wa chini. La kwanza kijiji kinalifumbia macho, ndo hizo nyumba ndogo, wanaume wanalicheka kijiweni. La pili linaua. Novemba 2012 huko Dharmapuri binti wa Vanniyar aliolewa na kijana wa Dalit, baba wa binti akajiua, na kundi la watu likaenda kwenye makazi ya Dalit likachoma nyumba zaidi ya 200. Machi 2016 mjini Udumalpet kijana wa Dalit anaitwa Shankar alikatwa mapanga mchana kweupe karibu na stendi ya mabasi akiwa na mke wake Kausalya wa jamii ya Thevar, kamera za barabarani zikarekodi, yeye akafa mke akapona na majeraha, na baadaye huyo dada akasimama mahakamani dhidi ya wazazi wake mwenyewe. Sababu ya hiyo tofauti ni mbaya lakini iko wazi, mwanamke ndo anahesabiwa kuwa lango la jati, mwanaume akitoka nje hakuna kilichoingia ndani, mtoto anabaki huko huko cheri. Kwa hiyo huyo mtoto wa nyumba ndogo kuwepo kwake kumewezekana kwa sababu alishapangiwa tangu mwanzo kwamba haji kuingia.

Na sasa anataka kuingia, siku ya msiba.

Msibani kwa kawaida mtoto mkubwa wa kiume ndo anawasha moto wa baba. Kabla ya hapo anabeba chungu cha maji begani, anazunguka maiti mara tatu huku mtu anakitoboa matundu nyuma yake maji yanachuruzika, alafu anakiangusha kinavunjika bila yeye kugeuka. Watoto wa kiume wananyoa nywele. Baadaye, kwenye matanga ya siku ya 16, mrithi anafungwa kilemba kichwani mbele ya watu wote, na anayekuja na hicho kilemba ni nani? Upande wa mjomba. Pwani yetu nasi tuna kilemba na mkaja kwenye mahari kwa hiyo tunaelewa kwamba kitambaa siyo kitambaa tu. Kwa jinsi hiyo mdogo hata wakimruhusu kunyoa, hata wakimruhusu kugusa chungu, nani atavuka kutoka cheri kuja kumfunga kilemba mbele ya wakubwa wa kijiji?

Kuna kitu hapo ambacho ukikijua huwezi kuangalia hiyo sehemu kwa macho yale yale. Zile ngoma unazozisikia msibani, parai, kazi ya kuzipiga kwenye misiba ya wenye ardhi walibebeshwa Dalit, na jina lenyewe Paraiyar linahusishwa na hiyo ngoma. Wengi wameshagoma kuipiga misibani miaka mingi sasa, na vijana wengine wameirudisha kama sanaa ya kujivunia jukwaani. Lakini kwenye kijiji ambacho mambo bado ni ya zamani, wale wapiga ngoma waliosimama nje ya uzio wanaweza kuwa ndo wajomba zake. Anasukumwa na kaka yake huku mjomba wake anapiga ngoma ya msiba wa shemeji yake ambaye haruhusiwi kumwita shemeji.

Watu watasema ugomvi wote ni ardhi tu. Ardhi ipo ndiyo, tusidanganyane, lakini tazama sheria inavyosema alafu pima mwenyewe. Mkoa wa Madras ulipiga marufuku wake wawili kwa Wahindu mwaka 1949, na sheria ya ndoa ya 1955 ikafanya hivyo kwa nchi nzima. Kwa hiyo ndoa ya pili ya mzee ni batili, yule mama kisheria siyo mke. Mtoto je? Sheria hiyo hiyo kifungu cha 16 inasema mtoto wa ndoa batili ni mtoto halali kwa wazazi wake, kwa hiyo lazima kwanza athibitishe kwamba thali ilifungwa, ndo maana lile hekalu la mbali na shahidi mmoja mzee asiyesikia vizuri vinakuwa muhimu kuliko pesa. Miaka mingi mahakama zilikuwa zinabishana kama mtoto huyo anagusa mali ya urithi wa mababu au ile aliyochuma baba mwenyewe tu. Septemba 2023 Mahakama ya Juu kabisa ya India ikamaliza ubishi, anapata kutoka kwenye fungu la baba, hata kama ni mali ya mababu, ila hawi mwanachama wa ile familia ya pamoja inayomiliki hizo mali za mababu.

Kwa hesabu inakuwa hivi. Ekari 10 za mababu, hakuna mabinti, mama yake mzee alishafariki. Inachukuliwa kama vile mzee na mtoto mkubwa waligawana kabla ya kifo, kila mmoja 5. Zile 5 za mzee ndo zinagawanywa kwa mjane wa kwanza, mtoto mkubwa na mtoto mdogo, kila mmoja ekari 1 na theluthi mbili. Kwa hiyo kaka anabaki na ekari 6 na theluthi mbili peke yake, na ya mama yake pia ipo upande wake. Mdogo anaondoka na ekari moja na kitu. Mtu hauwi ndugu yake kwa ekari moja na kitu. Kinachomuuma kaka ni kwamba hiyo ekari itakuwa katikati ya mashamba ya pangali, yaani wenye fungu, wanaume wa ukoo mmoja wanaoabudu mungu mmoja wa ukoo, na kesho yule mdogo atasimama kwenye mpaka wa shamba na kusema mi pia ni pangali, na ndugu wa mama yake watakuja kuvuna humo kama wenye shamba badala ya vibarua.

Serikalini nako kuna mtego ambao naona unamuumiza huyu mdogo kuliko wote. Tamil Nadu nafasi 69 kati ya 100 za vyuo vya serikali na kazi za serikali zimetengwa kwa makundi, na Dalit wana 18. Ili uzipate unahitaji cheti cha jamii. Mtoto wa wazazi mchanganyiko aandikwe nini? Mahakama ya Juu kabisa mwaka 2012 ilisema kwa kawaida inachukuliwa ni jamii ya baba, lakini mtoto anaweza kuonyesha kwamba kalelewa upande wa mama, kabaguliwa kama wao, na akapata cheti cha mama. Kwa hiyo huyu kijana aliyenyanyaswa maisha yake yote ana haki kabisa ya hicho cheti na pengine ndo kilichompeleka chuo. Siku ya msiba kaka anakichomoa mdomoni kama kisu: si una karatasi ya serikali imeandikwa we ni nani? Akikataa cheti anakosa shule, akikichukua ametia saini kwamba siyo mtoto wa nyumba ile.

Na ile sheria kali ya 1989 ya kuzuia ukatili dhidi ya Dalit, haiulizi kama ni ndugu, inaangalia aliyetenda siyo Dalit na aliyetendewa ni Dalit. Ila tusi la jati lazima liwe mahali ambapo watu wa nje wanaona au wanasikia, mahakama ilisisitiza hilo mwaka 2020. Kwa hiyo matusi ya jikoni, sahani iliyosukumwa kwa mguu, kuambiwa kaa kwenye sakafu, hayo ya ndani ya kuta nne hayamo. Na maisha yake mengi yamepita ndani ya hizo kuta.

Jambo la mwisho ambalo ukilijua utalishika kila muvi, ni ile herufi. Watamil walio wengi hawatumii majina ya jati nyuma ya jina, hiyo ni kazi ya vuguvugu la kujiheshimu aliloliongoza mwanaharakati anaitwa Periyar kuanzia miaka ya 1920, watu wakayakata majina ya jati hadharani. Badala yake unaweka herufi ya kwanza ya jina la baba mbele ya jina lako. Nia ilikuwa safi kabisa, usimjue mtu jati kwa kusoma jina lake. Kwa hiyo hawa wawili kwenye daftari la shule wana herufi moja. Mwalimu mgeni akiita majina anadhani ni ndugu, na ni ndugu kweli. Ndo maana kaka kwenye hasira anapiga kelele "futa herufi ya baba yangu", na huku mtafsiri anaweka "badilisha jina lako" na watu hawaelewi kwa nini mdogo kavumilia matusi yote ila hapo ndo kanyanyua mkono.

Nikiangalia hizo sehemu za msiba mi macho yangu siku hizi hayako kwa wanaume kabisa. Yapo kwa yule mama wa pili. Mjane wa kwanza watakuja wajane wenzake kumtoa thali, watamlilia kwa nyimbo zenye jina la mume wake na sifa za ukoo wake. Huyu mwingine yuko cheri, ameamka asubuhi ameweka maua kwenye nywele kwa mara ya mwisho, amevaa bangili, na anasubiri mtu aje amwambie kama kijiji kimekubali kwamba amefiwa.